Shule na Mfanyabiashara: Tuache Kuombana, Tushirikiane

(Mazungumzo na walimu wakuu, wakuu wa shule na watumishi wa halmashauri, Mpanda)



Nimeombwa nizungumze juu ya ushirikiano kati ya shule zetu na wafanyabiashara wa mkoa huu wa Katavi. Wengi wetu, tusikiapo maneno hayo, picha inayotujia akilini ni moja tu: barua yenye mhuri wa shule, inayoanza kwa salamu ndefu na kuishia kwa maombi ya mifuko ya saruji, mabati au mipira miwili ya kuchezea. Mwenye duka huisoma barua hiyo, hutazama mhuri, hukuna kichwa, kisha hutoa kidogo alicho nacho ili mleta barua aondoke kwa amani. Mwaka unaofuata barua hurudi, na neno lililobadilika ni tarehe tu.

Huko si kushirikiana, ni kuomba. Na kuomba, ndugu zangu, kuna tabia yake. Mwombaji hamwambii mpaji ukweli, na mpaji hamwulizi mwombaji swali. Mfuko wa saruji ukishatolewa, pande zote mbili hujiona zimemaliza wajibu, wala hakuna anayeuliza mtoto aliye darasani amepata nini. Nataka leo nitetee jambo jingine: kwamba shule na biashara ni taasisi mbili zinazohitajiana, kwamba kila moja ina kitu cha kuipa nyingine, na kwamba makubaliano kati yao hayana budi yaandikwe, yapimwe, na yamweke mtoto mbele ya faida ya yeyote.

Tuanze na historia ya mahali tulipo, kwa maana Mpanda yenyewe ni mji uliokuzwa na biashara. Madini ya risasi ya Mukwamba ndiyo yaliyoleta reli hapa. Njia ile ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilometa zipatazo 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuyasafirisha madini hayo hadi reli ya kati na kutoka hapo hadi pwani. Ilipofika 1960 mgodi ulifungwa. Reli ilibaki, nao mji ulibaki. Historia hiyo ina fundisho lisilochakaa: kampuni huja na kampuni huondoka. Bei ya risasi, ya tumbaku au ya dhahabu hupangwa mbali na hapa, na siku ile hesabu zisipolingana mwenye mtaji hufunga lango akaenda zake. Kitu ambacho hawezi kukipakia katika behewa ni ujuzi uliokwisha kuingia katika vichwa na mikono ya watu. Kwa hiyo swali la kumwuliza kila mwenye biashara aliyeko Katavi leo lisiwe "utatupa nini?" bali "ukiondoka kesho, watoto wetu watakuwa wamejua nini kutoka kwako?"

Historia ya pili ni ya elimu yenyewe. Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Andiko lile lilitaka shule iwe sehemu ya jamii yake, na kazi iwe sehemu ya masomo. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali ambapo wanafunzi wanapanga, wanapima, wanafanya hesabu ya gharama na mavuno, na wanaamua pamoja matumizi ya mapato. Ni wazo zuri, na hata leo halijapitwa na wakati. Lakini sote tunajua yaliyotokea katika shule nyingi. Jembe lilibaki, hesabu ikatoweka. Kulima kukawa adhabu ya mchelewaji; mavuno yakaenda pasipojulikana; na mtoto akatoka shuleni akiamini kwamba kazi ya mikono ni fungu la mkosaji. Kosa halikuwa katika kuunganisha kazi na elimu. Kosa lilikuwa katika kuchukua kazi na kuiacha elimu. Ninalikumbusha jambo hili mapema kwa sababu kosa hilohilo linatungoja mlangoni tunapotaka kuwapeleka wanafunzi katika karakana na viwanda vya watu.

Sasa tutazame hali ya leo. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 564,604 katika eneo hili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka 10 tumekuwa zaidi ya mara mbili. Nani katika nyinyi asiyejua maana ya tarakimu hizo? Maana yake ni darasa linalofurika, ni mwalimu mmoja mbele ya umati, ni tundu la choo linalogombewa. Serikali imejenga, na inaendelea kujenga. Mwaka 2021 peke yake, kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, vyumba vya madarasa 15,000 vilijengwa nchi nzima, na Katavi ilipata fungu lake. Hata hivyo kuta peke yake hazifundishi.

Na sasa mzigo umeongezeka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inakusudia elimu ya lazima ya miaka 10. Mtaala mpya umefungua mkondo wa amali katika sekondari, ulioanza Januari 2024 katika shule zilizoteuliwa, na umeliweka somo la Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima. Haya ni mageuzi ya maana. Lakini mwalimu wa Mpanda Ndogo, wa Inyonga au wa Mwese ana haki ya kuuliza: nitafundisha ufundi wa magari bila gari? Nitafundisha uchomeleaji kwa kuchora mashine ya kuchomelea ubaoni? Nitafundisha biashara kwa kitabu ilhali mimi mwenyewe sijawahi kuuza hata chumvi?

Jibu liko nje ya lango la shule. Karakana ambayo shule haina, mji unayo. Pita mitaa ya Mpanda asubuhi utasikia randa na msasa, utaona cheche za wachomeleaji, utakuta gereji za pikipiki chini ya miembe. Nenda Kakese au Mpimbwe utakuta mashine za kukoboa mpunga. Nenda Mlele utakuta warina asali walioijua misitu ya miombo kabla ya mtaala kuandikwa. Vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku vina mizani, madaftari na makarani. Hapa mjini tuna soko la madini. Kule Karema, mahali ambapo Wamisionari wa Afrika walifungua kituo chao 1885 na ambapo tabibu Adrien Atiman alihudumia wagonjwa kwa zaidi ya nusu karne, leo kuna bandari mpya inayotazama Kongo ng'ambo ya ziwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Waundaji ni majirani zetu, nasi tumekuwa tukiwapita kila siku tukienda kuagiza vifaa vya kufundishia visivyofika.

Je, jirani huyu ana nini cha kutupa kilicho bora kuliko mfuko wa saruji?

Kwanza, ana maarifa yaliyo hai. Chukua mashine ya kukoboa mpunga. Mwanafunzi akipima gunia la mpunga lenye kilo 100 kabla ya kukobolewa, kisha akapima mchele, chenga na pumba zilizotoka, amejifunza asilimia bila kulazimishwa. Akigundua kwamba mchele safi ni kilo sitini na kitu tu, ataanza kuuliza: kwa nini mpunga wa fulani umevunjika zaidi? Ulikauka mno? Mbegu ilikuwa ipi? Mwenye mashine analipwa kwa kilo au kwa gunia, na mkulima anafaidika kwa njia ipi? Katika asubuhi moja hapo pana hisabati, sayansi, kilimo na biashara, na mtoto wa mkulima atarudi nyumbani akiwa na jambo la kumwambia baba yake.

Chukua vilevile chama cha msingi cha tumbaku. Mkulima hukopeshwa mbolea na pembejeo, hupeleka mzigo, mzigo hupangwa kwa madaraja, bei hutofautiana kwa daraja, kisha makato hufanyika, na mwisho hupewa stakabadhi. Wazazi wangapi wa Katumba, Mishamo na Nsimbo wanaweza kuisoma stakabadhi hiyo mstari kwa mstari? Kama karani wa chama atakubali kuja darasani mara mbili kwa muhula, na stakabadhi iliyofutwa jina, akawaeleza vijana kila kato lina maana gani, tutakuwa tumefanya kazi kubwa kuliko kugawa madaftari elfu moja. Tutakuwa tumezaa kizazi cha wanaushirika wasiodanganyika. Na chama kilicho safi hakina sababu ya kukiogopa kizazi hicho.

Pili, jirani ana mahali na zana. Tatu, ana soko: anajua kinachonunuliwa na kisichonunuliwa. Asali ya Inyonga inaweza kuwa nzuri, lakini ikivunwa kabla ya kuiva itakuwa na maji mengi na itachacha. Ikifungwa katika chupa iliyotumika haitapita mbali. Mambo haya mrina asali na mnunuzi wanayajua kwa uchungu wa hasara zao. Tena hapa mkoani, katika Mpimbwe, ipo Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ufugaji nyuki ni miongoni mwa mambo yanayofundishwa pale. Shule, warina asali na chuo wakikaa meza moja, hakuna atakayetoka mikono mitupu.

Lakini ushirikiano wa upande mmoja hauishi. Hapana budi tuulize pia shule inampa nini mfanyabiashara. Inampa, kwanza kabisa, kazi. Tunasahau kwamba shule ni mnunuzi mkubwa. Madawati, milango, madirisha ya chuma, viti, chakula, matengenezo ya kila namna: fedha hizo hupita katika mikono yetu, na kwa kuwa miradi mingi ya madarasa imejengwa kwa kutumia mafundi wa mahali badala ya makandarasi wakubwa, fundi wa mtaani tayari anatufahamu. Kwa nini basi mapatano ya kutengeneza madawati 40 yasiwe na kipengele kwamba kazi ifanyike mahali ambapo wanafunzi wa amali watatazama, watapima, na watapiga randa vipande vichache wakisimamiwa? Taratibu za ununuzi wa umma zifuatwe zote, ushindani uwe wa haki. Lakini sharti la kufundisha liandikwe tangu mwanzo, ili kila fundi anayetaka kazi ajue.

Inampa pia elimu aliyoikosa. Mafundi wetu wengi ni hodari wa mikono, lakini daftari la mapato na matumizi hawana. Mwalimu wa hisabati au wa biashara anaweza kuwafundisha jioni mbili kwa juma, katika chumba kile kile kilicho tupu baada ya saa kumi. VETA nayo ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa, huongezewa anachopungukiwa, kisha hupewa cheti. Shule inaweza kumsaidia fundi kujaza fomu na kujiandaa. Fundi aliyepata cheti kwa msaada wa shule hatahitaji barua ya maombi ili amfundishe mtoto wa shule hiyo.

Ndugu Watumishi, niwageukie ninyi sasa, kwa sababu sehemu ya jambo hili iko katika mafaili yenu. Wapo wanaodhani kwamba mchango wa biashara katika elimu ni hisani tupu. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Madini, tangu ilipofanyiwa marekebisho 2017, inamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Ushuru wa huduma unaotozwa katika mauzo ghafi huingia katika halmashauri. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi hulipwa na waajiri. Kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na huwahusu wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Anayechangia Mfuko wa Elimu, ulioundwa kwa sheria ya 2001, hukubaliwa kuutoa mchango huo katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi. Na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo mikopo yake ilisitishwa 2023 ikarejea 2024, ni kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Tazameni jinsi mambo haya yanavyoweza kufungamana. Vijana watano wamemaliza kidato cha nne katika mkondo wa amali, wamejifunza useremala katika karakana ya fundi wa mtaa wao. Wanaunda kikundi, wanakopa katika ile asilimia 10, wananunua mashine ya randa, na wateja wao wa kwanza wanaweza kuwa shule walizosoma. Hakuna sheria mpya inayohitajika. Kinachohitajika ni kwamba afisa elimu, afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii, ambao mara nyingi hukaa katika jengo moja, wakutane kabla ya bajeti kupitishwa na wala si baada yake.

Nimesema tozo ya ufundi stadi huwahusu wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya Mpanda na Dar es Salaam. Biashara zetu nyingi ni za mtu mmoja na vijana wawili. Sheria ya tozo haimgusi huyo, na yeye hana fedha za kutoa. Atakayemwendea kumwomba fedha atafukuzwa, na kwa haki. Lakini muda anao kidogo, na ujuzi anao mwingi. Tumwombe saa tatu kwa juma, tusimwombe milioni tatu. Nchi kama Ujerumani zimejenga ufundi wao juu ya utaratibu wa kijana kugawanya juma lake kati ya darasa na mahali pa kazi, na maelfu ya waajiri wanaoshiriki kule ni wenye karakana ndogo. Hapa kwetu pia mafunzo ya uanagenzi yamekwisha kujaribiwa kwa uongozi wa Serikali, hasa katika hoteli na ufundi. Hatuanzi kutoka sifuri.

Nimekuja sasa kwenye jambo zito zaidi, na naomba tusilipitie harakaharaka. Ushirikiano wa shule na biashara unaweza kumjenga mtoto, na unaweza kumwangamiza.

Katika mkoa huu mtoto ana thamani ya kazi. Msimu wa tumbaku ukifika, mikono midogo huitwa kuchuma na kufunga majani. Jani bichi lenye umande hupitisha nikotini katika ngozi. Mtoto hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, na watu husema ni malaria. Katika machimbo madogo ya dhahabu kuna mashimo yasiyo na nguzo, na kuna zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini au mahali popote penye hatari, mashamba yakiwemo. Basi na iwe wazi kama mchana: neno "ushirikiano" lisije likawa mlango wa nyuma wa kumwingiza mtoto shimoni au katika shamba la tumbaku huku mwalimu mkuu akishika kalamu. Mwanafunzi anaweza kujifunza mizani na hesabu za soko la madini, mgodini asishuke. Anaweza kujifunza stakabadhi za tumbaku, majani asichume. Kipimo ni rahisi: siku mwanafunzi asipokuja, je, kazi ya mwenye biashara inasimama? Kama inasimama, yule hakuwa mwanafunzi. Alikuwa kibarua asiyelipwa.

Hatari ya pili ni ya binti zetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba katika Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Kwa taifa zima walikuwa 27. Hakuna mkoa uliotuzidi mwaka ule. Tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia mlango wa kurudi masomoni wale walioacha shule kwa sababu hiyo, na ni jambo la kheri. Lakini kheri kubwa zaidi ni kuwakinga. Binti asipelekwe peke yake katika karakana au duka la mtu. Waende kwa kundi, kwa saa za mchana, na mwalimu awepo. Wala tusitumie hatari hiyo kama kisingizio cha kuwaacha mabinti darasani na kitabu huku wavulana wakienda kujifunza ufundi. Binti mwenye ujuzi mkononi ana sababu moja zaidi ya kukataa kuozwa mapema. Tutafute wanawake wenye biashara, washonaji, wasindikaji wa nafaka, wauzaji wa samaki wa ziwani, nao wawe walimu wetu.

Hatari ya tatu ni ya kununuliwa. Kampuni inaweza kupaka rangi darasa na kuacha jina lake ukutani, likasomwa na watoto kila asubuhi kuliko ubao. Upo mjadala wa haki juu ya fedha za tumbaku. Mimi nasema hivi: chama cha msingi ni cha wazazi, na wazazi wana haki ya kuijenga shule yao kwa jasho lao. Lakini nembo ya sigara au ya pombe haina nafasi katika ukuta, sare au kombe la mashindano ya shule. Tanzania ilijiunga na mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Tusiwe sisi walimu wa kuuvunja.

Na hatari ya nne iko ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwalimu mkuu anayewalazimisha wazazi wanunue sare katika duka moja kwa sababu anajua mwenyewe kinachorudi mfukoni mwake, huyo hajajenga ushirikiano. Amefungua kioski. Vivyo hivyo mtumishi anayepitisha mpango wa mgodi kwa jamii bila kuwauliza wanakijiji, kisha jengo likaota mahali pasipo na watoto. Wananchi huyaona haya. Wakikaa kimya tusidhani hawajui.

Basi tuanzeje? Napendekeza hatua chache ambazo shule yoyote inaweza kuzichukua bila kungoja waraka.

Kwanza, kamati ya shule au bodi ya shule, ambazo zipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya 1978, ifanye orodha ya kazi zote zinazofanyika katika umbali wa saa moja kwa miguu kutoka shuleni. Wanafunzi wenyewe waifanye orodha hiyo. Litakuwa somo lao la kwanza.

Pili, walimu wakae na mtaala na kuuliza: ni mada gani tunazozifundisha kwa maneno matupu? Ziwe tatu tu kwa kuanzia. Kisha watafute katika orodha yule anayeweza kuitia uhai kila mada.

Tatu, mazungumzo yafanyike kwake, katika muda wake, wala asiitwe ofisini kama mshtakiwa. Aulizwe pia anahitaji nini kutoka shuleni.

Nne, makubaliano yaandikwe katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka: nani atafanya nini, siku gani, saa ngapi, mwalimu yupi atakuwepo, wazazi wameridhia, usalama utalindwaje, na kila upande unaweza kujitoa vipi. Nakala moja ibandikwe ubao wa matangazo. Kama kuna fedha, ziingie katika akaunti ya shule na zisomwe katika mkutano wa wazazi. Michango ibaki ya hiari, na asiwepo mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili yake.

Tano, makubaliano yawe ya muhula mmoja. Muhula ukiisha, yapimwe, kisha yaendelezwe au yavunjwe. Ushirikiano usioweza kuvunjwa ni utumwa, na usiopimwa ni mapambo.

Najua mtaniambia kwamba mwalimu amechoka. Ni kweli, amechoka. Hawezi kuongezewa hata jambo moja bila kupunguziwa jingine. Kwa hiyo mkuu wa shule anayetaka kazi hii ifanyike ampunguzie vipindi mwalimu atakayeisimamia, na halmashauri itambue kazi hiyo katika tathmini yake. Tukimwachia aifanye usiku, itakufa kabla ya Pasaka.

Mtaniambia pia kwamba wazazi watalalamika: "Mtoto wangu nimemleta asome, si akawe fundi baiskeli." Malalamiko hayo yana mizizi, nami nimekwisha kuieleza: tuliwahi kuwapa kazi bila elimu. Hatuwezi kuwashawishi kwa hotuba. Tutawashawishi siku mtoto atakapoketi mezani na kumwonyesha mama yake kwamba mwenye mashine alimpunja kilo tatu.

Ndugu zangu, mwaka ujao tutakapokaa tena kuhesabu mafanikio, naomba tusihesabu mifuko ya saruji, wala picha za kukabidhiana hundi. Tumchukue mwanafunzi mmoja, yeyote, kutoka Karema, Inyonga, Majimoto au hapa Mpanda mjini, tumwulize maswali matatu: Umejifunza nini kwa jirani ambacho darasa peke yake lisingeweza kukupa? Ulikuwa salama? Na jirani huyo angependa urudi? Mtoto akijibu maswali hayo bila kumtazama mwalimu usoni kwanza, tutajua kwamba tumeanza kazi.